Sebule yenye vitu vichache inataka ua moja kubwa

Jamani, watu wengi wakishaamua kupunguza vitu ndani, kabati limetoka, kochi limebaki moja, ukuta umepigwa rangi nyeupe safi, afu wanaanza kununua vimaua vidogo vidogo, kimoja dirishani, viwili mezani, vingine juu ya shelfu, na baada ya muda sebule imejaa vilevile kama mwanzo. Mimi nasema chukua ua moja, liwe kubwa, ulipe kona yake na usiweke kitu kingine hapo.

Angalia monstera, lile ua la ndani lenye majani mapana. Jani likikomaa linapata matundu na mipasuko, na jua likiingia pembeni kivuli chake chote kinachoreka ukutani, kinasogea taratibu kadiri jua linavyosogea, yaani huo ukuta mtupu hauhitaji picha tena! Ila uubananishe na stuli na taa na kapu uone kama hicho kivuli utakiona.

Sasa kona gani? Hapa mwanga ndo unaamua, sio macho yako. Ukisogea mita mbili tatu kutoka dirishani mwanga unashuka sana, sisi hatuoni tofauti kwa sababu macho yanazoea, lakini ua linaona. Monstera kwao ni misitu ya kusini mwa Meksiko mpaka Panama, inapanda miti mikubwa ikiwa kivulini, kwa hiyo inataka mwanga wa kutosha bila jua kali la mchana kuipiga moja kwa moja. Kona yenye giza kidogo weka zamioculcas, lile lenye majani mazito yanayong'aa, hii ni ya kwetu Afrika, mashariki mpaka kusini, na huko chini ya udongo ina vitu kama viazi vinavyotunza maji, ndo maana unaweza kukaa wiki kadhaa hujaimwagilia na wala haistuki. Korido nyembamba, weka sansevieria, ile yenye majani marefu kama panga, inasimama wima haitanuki.

Chungu kiwe rangi moja tu, na tundu chini ni lazima. Kama kile kizuri ulichokipenda hakina tundu, acha ua kwenye kopo lake la plastiki lenye matundu ulitumbukize humo, ukimwagilia subiri kidogo afu mwaga maji yaliyotuama, maana mizizi ikikaa majini inakosa hewa inaoza, majani yanakuwa njano, na mtu akiona njano anadhani ni kiu anaongeza maji tena. Zamisha kidole kwanza, udongo ukiwa bado na unyevu achana nao.

Majani yafute na kitambaa kibichi, vumbi linazuia mwanga na kwenye chumba kitupu linaonekana haraka mno.

Na ile ya kujaza maua ili yasafishe hewa, ule utafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa 1989 ambao watu wanautaja ulifanyika ndani ya maboksi yaliyofungwa kabisa, nyumba inayopitisha hewa ni habari nyingine, fungua dirisha tu.

Mwenye paka au mtoto anayetafuna kila kitu, hizo tatu zote ziogope, monstera hasa inachoma mdomo vibaya. Chukua areka, ule mmea wa ndani wa jamii ya mitende, hauna sumu na unarefuka vizuri tu.