Tracy Chapman hana haraka

Rafiki yangu mmoja, mtu wa muziki hasa, alikaa miaka akiamini kwamba anayeimba "Fast Car", wimbo wa Mmarekani Tracy Chapman, ni mwanamume. Kumbe ni mwanamke. Simlaumu. Sauti ile ni nzito, iko chini, inatetema kidogo na haijipambi hata chembe. Ukiisikia redioni bila kuona sura, unaweza kudhani lolote.

Gitaa mimi napiga la kujifurahisha tu, na wimbo huo ndio vidole vyangu hukimbilia kila nikilishika. Unabana kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya pili ya shingo ya gitaa, kisha mkono wa kushoto unazunguka kwenye koodi nne zilezile. Ukiambiwa hivyo utasema ni wimbo wa mwanafunzi. Kasheshe inaanza ukitaka kuupiga kama yeye. Ukifika ubeti wa pili mkono wa kulia unakuwasha: unataka kukaza mapigo ya nyuzi, unataka kupaza sauti ili wasikilizaji wasikuchoke. Yeye hakazi. Anasimulia tu, ubeti baada ya ubeti: baba mlevi, mama aliyeondoka, binti aliyeacha shule ili amtunze mzee. Ngoma zinakuja kuingia kwa kishindo kwenye kiitikio, umeshasubiri mpaka basi. Na angalia kiitikio chenyewe kinasema nini: binti anakumbuka. Raha yote ya wimbo imo kwenye jambo lililokwisha kupita, na kila ngoma zikinyamaza tunarudi kwenye maisha yaliyozidi kuwa magumu.

Watu humwita mpole. Mimi naona ni mbishi. Albamu yake ya kwanza, ya mwaka 1988, ina wimbo uitwao "Behind the Wall", kuhusu mwanamke anayepigwa nyumba ya jirani na polisi wasiosaidia. Hakuna gitaa humo. Hakuna chombo chochote, ni sauti yake peke yake, na kati ya mstari na mstari anaacha kimya kirefu. Mwaka 1988, redio zikiwa zimejaa vinanda vya umeme na ngoma za mashine! Hata mtayarishaji wa muziki mwenye moyo angeshawishika kuweka japo kinanda kidogo pale nyuma. (Albamu nzima si dhahabu, tuelewane. "She's Got Her Ticket", ile yenye mdundo wa rege, mimi huiruka.)

Tarehe 11 Juni mwaka huohuo, uwanja wa Wembley, London, kulikuwa na tamasha la kuadhimisha miaka 70 ya Nelson Mandela, ambaye bado alikuwa kifungoni. Chapman alikuwa ameshaimba zamu yake mchana. Jioni ikagundulika kwamba diski yenye sauti za kinanda cha mwanamuziki Stevie Wonder haipo, naye akakataa kupanda jukwaani. Pengo lile lingezibwa na nani? Na mtu asiyehitaji kufungiwa mitambo. Akarudishwa Chapman, gitaa na maikrofoni basi, mbele ya uwanja mzima na dunia ikitazama kwenye televisheni. Baada ya hapo albamu ikauzwa kama njugu.

Halafu, baada ya albamu ya mwaka 2008, akakaa pembeni. Hakuna nyimbo mpya, mahojiano ya kuhesabu. Mwaka 2023 Luke Combs, mwanamuziki wa kantri, akaurekodi "Fast Car" bila kubadili hata yale maneno ya binti anayefanya kazi ya keshia, na wimbo ukapanda chati za Marekani kuliko ulivyopanda mwanzo. Februari 2024 wakauimba pamoja kwenye tuzo za muziki za Grammy. Kamera ilianza na vidole vya Chapman kwenye nyuzi, kisha ikapanda hadi usoni, mvi kichwani, anatabasamu. Combs, kila zamu ya Chapman ilipofika, alikuwa akifuatisha maneno midomoni kama shabiki yeyote. Ana koo kubwa kuliko la Chapman, lakini usiku ule nilimwona akilishusha makusudi asije akamfunika.