Maumivu baada ya kiharusi: nilivyopata tena usingizi

Watu wakija kumtazama aliyepigwa na kiharusi huuliza kama anatembea na kama anasema. Mimi nilikuwa natembea kwa mkongojo na nasema vizuri, kwa hiyo hapa Wete kila aliyeingia alimshukuru Mungu. Kilichoniondolea raha ni maumivu. Yalianza miezi kadhaa baada ya kutoka hospitali, upande uleule wa kushoto uliopooza.

Bega liliuma mkono ukining'inia. Hilo wote walilielewa. Jengine lilikuwa zito kulieleza: ngozi ya mkono na mguu ilikuwa inawaka. Shuka ikinigusa, moto. Upepo wa feni, moto. Maji ya udhu alfajiri, baridi yake ilikuwa kama nimemwagiwa yaliyochemka. Mwanangu alinipaka mafuta ya karafuu, kama tunavyopakana sote Pemba, nikalia. Usiku silali, mchana sina hamu ya mtu. Harusi za ndugu zilinipita. Mazoezi niliyaacha kwa kuwa yanauma, na mkono ukazidi kukakamaa. Nyumbani wakadhani nimekata tamaa kwa sababu ya kupooza. "Mama, subira," wananiambia. Subira nilikuwa nayo, usingizi ndio sina.

Daktari aliyenisaidia aliniuliza inauma vipi na nini kinayachokoza maumivu. Nikamweleza habari ya maji. Akasema bega linauma kwa kuwa misuli iliyolegea haiushikilii mkono sawasawa kwenye kiungo chake, lakini ule moto unatoka kwenye ubongo wenyewe: kiharusi kimeumiza njia za hisia, basi hata mguso mdogo unapokelewa kama maumivu. Akaniambia madaktari wa Ufaransa, Dejerine na Roussy, waliyaeleza maumivu haya tangu 1906. Nilifarijika mno. Kumbe si pepo, wala si deko.

Panadol haikunisaidia, naye akasema kwa moto wa namna hii mara nyingi haisaidii. Baada ya kunipima moyo, maana dawa hii haimfai kila mtu, alinianzishia amitriptilini, dozi ndogo usiku, akaipandisha polepole. Asubuhi naamka na usingizi machoni. Lakini nalala.

Bega lilitaka watu zaidi kuliko dawa. Mkwe wangu alijifunza kutonivuta mkono anaponinyanyua. Ananishika kiunoni na nyuma ya bega. Nikivaa, mkono mgonjwa unatangulia, nikivua unatoka mwisho. Nikikaa, mto chini ya kiwiko. Maji ya udhu na ya kuoga yawe vuguvugu, na yeye huyapima kwanza, kwani mkono wangu wa kushoto hauna tena kipimo cha moto na baridi. Mazoezi nafanya nikishaoga, mwili umelainika.

Kofia narudi kuzishona. Zamani kitambaa nilikishika kwa kushoto. Sasa mwanangu amenichongea ubao, nakibana kwa vibanio vya nguo, na mkono wa kulia unatia viua.

Maumivu hayajesha. Daktari aliniambia wazi kwamba huenda yasiishe kabisa, na siku za kipupwe hupanda. Kliniki ijayo nitamwuliza kama dozi inaweza kushushwa kidogo, maana inanikausha mdomo, na Ramadhani natamani kufunga.