Vizibo 44 vya kumuaga Hank Aaron

Kwanza niseme: gundi ya moto na baridi ya Januari havikai nyumba moja. Aliyenishauri anajijua.

Hank Aaron, mchezaji mashuhuri wa besiboli wa timu ya Braves, alifariki Ijumaa, 22 Januari 2021, hapa Atlanta, akiwa na miaka 86. Mimi besiboli nimefundishwa na mzee jirani yangu. Kabla ya hapo niliiona kama rede ya watu wazima. Siku ile nilimkuta kibarazani, redio inaongea, kofia ya Braves iko magotini, mwenyewe kimya. Nikampa pole kama tunavyopeana kwetu, nikakaa. Baada ya muda akasema anataka kwenda "kule".

Ushauri ukaanza kumiminika. Kazini wakasema mpeleke uwanja mpya, kaunti ya Cobb, kuna sanamu yake. Kundi la WhatsApp la nyumbani wakasema usitoke, huyo kauawa na chanjo ya korona. Kweli alichanjwa tarehe 5, hadharani, ili Wamarekani weusi wenzake wasiogope. Lakini mkaguzi wa vifo wa kaunti ya Fulton alisema ni kifo cha kawaida, hakuna dalili kwamba chanjo ilihusika. Nililizima sauti lile kundi, na mpaka leo sijaiwasha.

"Kule" kwa mzee si Cobb. Wakati ule yalikuwa maegesho ya magari tu, mahali ulipokuwa uwanja wa zamani wa Braves uliobomolewa mwaka 1997. Kilikuwa kimebaki kipande cha uzio chenye namba 715, kuonyesha mpira ulipovukia usiku wa 8 Aprili 1974, Aaron alipompita gwiji wa zamani Babe Ruth aliyeishia homurani 714, yaani mapigo ya kuvusha mpira nje ya uzio. Watu 53,775 walikuwemo uwanjani. Mzee alikuwa zamu ya usiku, akaisikia kwenye redio, na hiyo zamu hajaisamehe.

Maua hakuyataka. "Upepo utayabeba kabla hatujafika kwenye gari." Ndipo nikakumbuka alichowahi kunisimulia: Aaron alipokuwa mtoto kule Mobile, Alabama, familia haina kitu, alijifunza kupiga kwa fimbo na vizibo vya chupa. Vizibo! Na mimi nimekulia Tanga nikicheza drafti kwa vizibo vya soda. Jezi yake ilikuwa namba 44. Basi vizibo 44, ishirini na viwili kwa kila nne, juu ya ubao.

Shida ni kwamba soda za hapa zina vifuniko vya plastiki. Vya bati viko kwenye bia, nami sinywi. Jumamosi nikaenda kwa Wakenya wanaochoma nyama Marietta, barakoa usoni, mfuko mkononi, nikaomba takataka zao. Kijana wa kaunta akaniuliza, "Na wewe mzee, ni nini mbaya?" Nilipomweleza akaingia nyuma, akarudi na ndoo nzima. Nyama sikuwa nimepanga kununua, lakini ungetokaje hivi hivi? Ubao, rangi na gundi kama dola ishirini na kitu; nyama sitaji, mama watoto anasoma.

Nikagundisha usiku, nikaacha ubao kwenye gari. Jumapili tumefika kwenye uzio, watu wamesimama kwa heshima, maua na mipira imepangwa chini, nafungua buti: vizibo kumi na kimoja vimelala sakafuni. Nne ya pili imebaki mstari wa wima peke yake. Ubao unasomeka 41.

Nilitamani kurudi mle mle ndani ya buti. Mzee akautazama, akaanza kutetemeka mabega, nikadhani analia. Anacheka! "Mwanangu, nimekuja kumzika Aaron, umeniletea Eddie Mathews." 41 ndiyo ilikuwa jezi ya Mathews, mwenzake Aaron, wakiwa timu moja walipiga homurani 863, wawili hao. Mzee alicheka njia nzima. Tangu Ijumaa sikuwa nimemsikia akicheka.

Jumatatu nikatumia misumari. Ukigongelea kizibo moja kwa moja kinabonyea kama sahani ya bati; kitoboe kwanza kutokea ndani, ukiwa umekilaza juu ya kipande cha mti laini, ndipo ukigeuze. Jioni tukarudi, tukaufunga ubao kwa waya. Jumatano msafara wa mazishi ulipita hapo hapo, na sisi tuliuangalia kwenye runinga.

Ila Jumatatu ile hatukuondoka mara moja. Mzee alitoa kizibo mfukoni, alikuwa amekichomoa kwenye ndoo yangu. Akashika fimbo yake ya kutembelea, mikono imepishana, wa kushoto juu, kama Aaron alivyoshika utotoni. Akakirusha, akakosa. Akakosa tena. Mara ya tatu kikalia "ting" kikatokomea chini ya magari. Nikainama kukitafuta.

"Kiache," akasema, anahema. "Hicho kimevuka."