Milimita moja pembeni

Mwezi wa saba mwaka 2012 nilikwenda na mjomba kuchagua bunduki yangu ya kwanza ya bolti, ile ambayo baada ya kila risasi unavuta mpini kwa mkono ganda litoke na risasi nyingine iingie. Nguruwe mwitu walikuwa wameharibu karibu nusu ya mahindi ya shamba letu la barabara ya Kasenga, nje ya Lubumbashi, Kongo, na msimu mwingine kama ule tusingeuweza.

Mjomba hakukubali kutoka nyumbani kabla ya kuziona karatasi: kibali cha kumiliki silaha, chini ya sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985, na kibali cha kuwinda, chini ya sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982. «Namba iliyopigwa kwenye chuma ndiyo itakayoandikwa hapa,» aliniambia. «Ikitofautiana kwa tarakimu moja, mbele ya polisi hutakuwa na la kujitetea.» Alikuwa fundi wa kukereza vyuma maisha yake yote. Mfukoni alitia tochi ndogo, kitambaa cheupe, kaliperi na kidonge cha uzi wa kushonea. Uzi ule sikuuelewa kazi yake mpaka tulipofika.

Mwenye duka alituwekea bunduki tatu mezani. Macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye Mauser ya kaliba (kipimo cha risasi) ya 7×57, iliyotengenezwa na kiwanda cha FN kule Herstal, Ubelgiji. Mbao zake zilikuwa za mti wa jozi, zimeng'aa kwa mikono ya watu. Kwenye chuma kulikuwa na mihuri ya Liège: herufi ELG ndani ya umbo la yai, na simba mdogo juu ya herufi PV, maana yake mtutu ulijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Mtu akikuletea bunduki ya Ubelgiji isiyo na alama ya majaribio, irudishe mezani.

Mjomba alifungua bolti, akaangalia chemba, pale risasi inapokaa, kisha akatia kidole ndani. Jicho peke yake hudanganyika, alisema. Akavuta kwa nje kile kizuizi cha upande wa kushoto, bolti ikatoka yote mkononi. Akasoma namba ya bolti, akasoma na ya mwili wa bunduki. Zilikuwa moja. Bolti ikiwa ya bunduki nyingine, nafasi kati ya uso wake na kitako cha ganda inaweza kuzidi kwa sehemu ndogo ya milimita, na hiyo inatosha: ganda linapasuka, gesi inarudi usoni mwako.

Kisha akakiweka kitambaa cheupe mbele ya mdomo wa mtutu, akamulika, akanipa nichungulie kutoka nyuma. Mifereji ya ndani, ile inayoizungusha risasi, ilionekana vizuri mpaka ilipokaribia chemba. Hapo, kama sentimita kumi, palikuwa peusi na vishimo vidogo kama ngozi iliyoota ndui. Ni kazi ya risasi za zamani. Fataki zake, zile za kitakoni zinazowasha baruti, huacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi inavuta unyevu, na mafuta hayaiyeyushi. Dawa yake ni maji, kwanza maji ya moto, halafu kukausha, ndipo mafuta. Mwenyewe wa zamani alipaka mafuta tu, tena labda kwa bidii sana. Tulitafuta pia kivuli cha duara kinachozunguka ukuta wa mtutu, kwa sababu hicho ndicho alama ya mtutu uliovimba baada ya mtu kupiga huku tope limeziba mdomo. Hakikuwapo.

Bado niliitaka. Nilijiambia vishimo vile vinavumilika, na kwa mita themanini pengine ni kweli. Hapo ndipo uzi ulipotoka mfukoni. Juu ya Mauser ile mtu alikuwa ametoboa matundu manne ya kufungia darubini, luneti kama tunavyoita huku. Mjomba alinishikisha ncha moja katikati ya mdomo wa mtutu, akauvuta uzi mpaka mkiani. Tundu la mbele lilikaa chini ya uzi kabisa. La nyuma lilichungulia upande wa kulia. Akapima kwa kaliperi: milimita moja, na kati ya tundu na tundu milimita 130.

Akanifanyia hesabu kwenye karatasi ya risiti. Milimita moja kwa kila milimita 130, ukiifikisha mita 100, ni sentimita 77. Darubini ya kawaida ina nafasi ya kurekebisha ya sentimita themanini au tisini hivi kila upande, kwa hiyo ningeimaliza karibu yote kwa kusahihisha kosa la aliyetoboa, na msalaba wa kulengea ulio ndani yake ungekaa pembezoni kabisa mwa nafasi yake. Kulikuwa na jingine tena. Kizuizi cha usalama cha Mauser ile ni kile cha bawa, kinachopita juu kwa juu nyuma ya bolti. Ukifunga darubini kwa chini, bawa linagonga bomba lake na halimalizi mzunguko. Kwa macho ya chuma, yale ya kulengea bila darubini, ingemfaa mtu. Kwa darubini, hapana.

Ya pili, .375 H&H, haikuchukua muda. Ni kaliba nzuri ya tangu 1912, lakini ni ya nyati. Teke lake ni karibu mara mbili ya kaliba ya .308, na anayejifunza akipigwa teke la namna hiyo huanza kufumba macho kabla ya kuvuta triga. Tabia hiyo ikishaingia mwilini kuitoa ni kazi ya miezi.

Ya tatu ilikuwa CZ 550, bunduki ya Kicheki, kaliba ya .308 Winchester, mtutu wa sentimita 60, magazini ya risasi tano. Mtutu ulikuwa safi mwanzo hadi mwisho. Bolti yake ina ukucha mpana wa kuvutia ganda kama wa Mauser: unaikamata risasi inapotoka tu kwenye magazini, hauiachii hata ukiinamisha bunduki. Juu ya mwili wake kuna reli ya milimita 19 iliyochongwa kiwandani, basi hakuna wa kukutobolea vibaya. Mjomba alikiweka kitako kwenye kiwiko changu upande wa ndani. Kidole kikafika kwenye triga kwa pingili ya kwanza, ndio urefu unaotakiwa. Tukajaribu usalama bila risasi: funga, vuta triga kwa nguvu, achia, kisha fungua usalama. Mshale wa ndani, ule unaogonga fataki, ukilia hapo, bunduki ni ya hatari. Haukulia. Triga yake ukiisukuma mbele inakuwa nyepesi mno, kwa hiyo tuliisukuma na kugonga kitako kwenye zulia mara tatu. Kimya. Sehemu hiyo ya triga ni ya kutumia ukiwa umelala na umeshalenga, kamwe si ukitembea.

Kwenye darubini mwenye duka alinisifia ile kubwa, 6-24×50, yaani inakuza mara 6 hadi 24 na kioo chake cha mbele ni milimita 50. Ukubwa unavutia, najua. Lakini gawanya kioo cha mbele kwa ukuzaji: 50 kwa 24 ni milimita 2 tu za mwanga zinazofika jichoni, na nguruwe hutoka jua likizama, wakati mboni imefunguka zaidi ya hapo. Ukishusha mpaka 6 bado unaona kipande kidogo cha pori, na katika miti yetu ya miombo mnyama anajitokeza mita hamsini, themanini. Tena kioo cha 50 kinataka pete ndefu za kuifungia kwenye reli, shavu linainuka juu ya mbao, kichwa kinakosa pa kuegemea. Nilichukua 3-9×40. Kwenye 4 inakupa milimita 10 za mwanga, zaidi ya jicho linavyoweza kupokea. Kabla ya kulipa tuliiegemeza bila kutikisika, nikasogeza kichwa kidogo kushoto na kulia kuona kama msalaba unahama juu ya lengo, kisha nikazungusha vifundo vya kurekebisha nikisikiliza kila tiki. Vifundo visivyolia waziwazi hurudi mahali pasipojulikana. Risasi nilinunua masanduku mawili ya ishirini ishirini, zote za toleo moja la kiwanda, ncha laini, gramu 10.7. Za kijeshi 7.62×51 sheria haimruhusu raia kuwa nazo, na hata hivyo hazifai: hazifunguki ndani ya mnyama, zinampita na kumwacha na jeraha la kukimbia nalo.

Darubini niliifunga mwenyewe jioni ile. Nilisafisha mafuta kwenye reli, nikakaza skrubu kwa kupokezana, nusu mzunguko huku, nusu kule, kwa ufunguo mfupi wa vidole viwili. Umbali wa jicho niliupima nikiwa nimelala kifudifudi, maana hapo kichwa husogea mbele: sentimita 9. Ukipima umesimama, siku ya kulala darubini itakuchana nyusi.

Kesho yake tulikwenda shambani. Nyuma ya lengo tulichagua kichuguu kikubwa, kile cha urefu unaompita mtu mara mbili, udongo mwekundu mgumu usiopitisha kitu. Kwa mita 25 nilitoa bolti, nikaelekeza mtutu kwenye lengo kwa kuchungulia ndani yake, ndipo nikauleta msalaba hapo hapo. Risasi ya kwanza ikapiga sentimita 5 kulia na 4 chini. Nikataka kuzungusha tiki saba kwenda kushoto. Mjomba akanishika mkono. Tiki moja ni milimita 7 kwa mita 100. Kwa mita 25 haifiki hata milimita 2. Basi 28 kushoto. Kwenda juu 16 tu, kwa sababu pale karibu risasi inatakiwa ibaki sentimita 1 chini, darubini ikiwa imekaa juu ya mtutu. Ya pili ikaangukia palepale tulipotaka.

Kwa mita 100 mambo yakaharibika. Bunduki ililazwa kwenye mfuko wa mchanga kwa mbao zake, si kwa mtutu, na bado risasi tatu zilitembea: ya pili sentimita 6 mbali na ya kwanza, ya tatu 14. Nilianza kulaumu bega langu. Mjomba hakuangalia karatasi ya lengo, aliinamia reli. «Njoo uone, mpwa wangu.» Mbele ya pete moja palikuwa na mkwaruzo mwembamba unaong'aa, kama unywele wa fedha juu ya chuma cheusi, urefu wa milimita 2. Pete ile ina pini chini yake inayotakiwa kuingia kwenye tundu la reli ili izuie teke. Mimi niliifunga pini ikiwa juu ya chuma. Skrubu zilikaza, mkono ukaridhika, lakini pete ilikuwa imeinuka na kila risasi iliisukuma.

Tukafungua yote, tukaisogeza pete mpaka pini ikazama kwa mlio mdogo, tukakaza upya. Risasi tatu, dakika tano za kupoza mtutu baada ya kila moja: zote ndani ya sentimita 4. Tukapandisha kundi likae sentimita 4 juu ya kitovu, hivyo risasi inarudi kwenye mstari karibu na mita 160, na kwenye 200 inashuka saba au nane. Tatu nyingine zikathibitisha.

Tuliokota maganda 11, zikabaki risasi 29. Nyumbani mjomba alimwomba shangazi rangi yake ya kucha, nyeupe, akachora mstari mwembamba juu ya kila skrubu ya pete, nusu kwenye kichwa cha skrubu, nusu kwenye chuma, ili mstari ukikatika nijue kabla ya kupiga.