Kila Mtu Anateseka, Kwa Hiyo?

Kipindi cha Korona nilikuwa na ndimi mbili. Rafiki akinipigia simu kusema usingizi umempaa, kazi imesimama na chumba kinambana, nilimwambia pole sana, haya si maisha ya kawaida, usijisukume. Simu ikikatika naigeukia nafsi yangu kwa ukali ambao nisingethubutu kumwonyesha hata mtu nisiyempenda. Daftari langu la mwaka 2020 lina mstari huu: "Watu wanazika bila kuagana, wewe unalia kwa sababu hulali?"

Nimeutafakari sana mstari huo. Waliofiwa walikuwepo kweli, na kuwakumbuka ni utu. Ila kazi niliyowapa ndiyo inayonisumbua: niliwageuza fimbo ya kujichapia.

Kristin Neff, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechapisha makala zake za kwanza kuhusu kujihurumia mwaka 2003, anataja mambo matatu: kujitendea kwa upole, kuyatazama maumivu yako bila kuyakuza wala kuyakana, na kukumbuka kwamba kuteseka ni fungu la wanadamu wote. Hilo la tatu janga lilitupa bure. Shirika la Afya Duniani lilipotamka tarehe 11 Machi 2020 kwamba hili sasa ni janga la dunia, watu wa kila bara walikuwa wakiogopa kitu kilekile. Ungetegemea tushushe pumzi: kumbe siko peke yangu. Wengine wetu tukasikia kingine kabisa: kila mtu anateseka, kwa hiyo nyamaza.

Mwaka 2022 shirika hilohilo lilieleza kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25, vijana na wanawake wakiumia zaidi. Najiuliza wangapi kati yao walikuwa wakijiambia kwamba wao hawana haki ya kuumwa.

Nilikuwa nikisingizia utamaduni. Nilidhani jamii za kusaidiana humfunza mtu kujikaza, na zile za kila mtu na lwake humfunza kujibembeleza. Basi Neff na wenzake walilinganisha Marekani, Thailand na Taiwan katika utafiti uliotoka mwaka 2008. Watu wa Thailand waliongoza kwa kujihurumia, wa Taiwan wakashika mkia, Wamarekani wakabaki katikati. Nchi mbili za Asia, zote zikihesabiwa kuwa jamii za kusaidiana, na kila moja iko ncha yake! Kotekote lakini, aliyejihurumia zaidi ndiye aliyekuwa na sonona kidogo.

Wakati wa janga lenyewe, mtafiti wa saikolojia Marcela Matos na wenzake waliwauliza watu zaidi ya 4,000 katika nchi 21. Walikuta kwamba kwa wale wanaoogopa kujihurumia, au kuhurumiwa na wengine, tishio la Korona liliwaelemea zaidi akilini. Hofu hiyo naijua vizuri. Unaona ukijilegezea kidogo tu utaporomoka, na hakuna atakayekuokota. Ukali unaushika kama nguzo ya nyumba, hata kama ndiyo inayokuangukia.

Sitaki kusema kujihurumia kunatosha. Sonona ikikaza inahitaji mtaalamu, na mwajiri anayekubebesha kazi za watu wawili kisha akakutumia ujumbe wa "jitunze" amekukejeli tu.

Kwa upande wangu, siku hizi nikianza kujifokea kwenye daftari, naandika upya sentensi ileile kama jibu kwa rafiki, jina langu likiwa juu. Mstari ule wa mwaka 2020 nimeuandika hivi: "Pole. Hujalala, na unawaonea uchungu waliofiwa. Yote mawili ni kweli." Kuna usiku inasaidia. Kuna usiku naona naigiza, nafunga daftari, nalala na hasira zangu.