Siku moja gerejini Kizota: pikapu yenye nyumba mgongoni

Saa 12:30 asubuhi. Mwezi wa saba Dodoma ni baridi ya kuvaa koti, na upepo unaanza kazi kabla yetu. Nafungua geti, kijana wangu anamwagia maji uwanjani ili vumbi litulie. Kazi yangu ni springi. Injini nawaachia wenzangu.

Saa 1:15. Mzee aliyenipigia simu juzi anaingia na mkewe. "Mbukwenyi!" anasalimu kutoka dirishani, nasi tunampa shikamoo yake. Gari ni Hilux dabo kebini, na mgongoni imebeba kempa: chumba kizima chenye kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na betri za sola. Wote wawili wamestaafu. Wanataka kwenda Hifadhi ya Ruaha kwa kupitia Mtera na Iringa, wawe wanalala humohumo.

Nalizunguka gari kwanza. Nyuma limekaa chini, pua inatazama juu. Kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi kwenye madigadi napata sentimita 43. Bamba za springi zimenyooka hadi zimeanza kupinda kinyume, na mpira wa kugongea umebaki na nafasi ya kidole.

"Usiku kila tunayepishana naye ananiwashia taa," mzee anasema. "Na usukani umekuwa mwepesi, kama gari linaelea."

Yote mawili yana sababu moja. Mzigo umekaa nyuma ya difu, yaani mhimili wa magurudumu ya nyuma, kwa hiyo unakandamiza mkia na kuyanyanyua matairi ya mbele.

"Mpwa wangu anasema niweke mifuko ya hewa tu, ile ya kusaidia springi. Nusu siku tumemaliza."

"Mzee wangu, mifuko itaunyanyua mkia, sikatai. Lakini itasukuma chesisi, yaani fremu ya gari, sehemu moja tu, katikati, huku mzigo unaning'inia nyuma yake." Namwonyesha kwa fimbo mahali dabo kebini inapopindia, pale nyuma ya kebini. Mwaka jana niliiona moja imepinda hapo hapo, mwenyewe amesimama pembeni hana la kusema. Springi ya bamba hushika chesisi sehemu mbili, mbele na nyuma ya difu, ndiyo maana naipendelea kwa mzigo usioshuka.

Saa 2:30. Sifungui nati hata moja kabla ya mzani. Tunakwenda kwenye ghala la nafaka jirani, wanatupimia kwa ada ndogo. Matairi ya mbele peke yake, kisha gari zima, wazee wakiwa ndani na tangi la maji limejaa. Mbele kilo 1,110. Jumla 2,980. Nyuma, basi, 1,870. Kibati cha mlangoni kinasema gari hili lisizidi 2,910.

Hapa ndipo nilipochukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe, na sijutii. Fundi angeweza kufunga springi nene, gari likakaa sawa, mteja akaondoka anafurahi. Lakini kimo si uwezo. Difu ni lilelile, beringi ni zilezile, breki ni zilezile. Springi mpya ingekuwa imeficha kosa ambalo springi iliyolala ilikuwa inalionyesha.

Saa 4. Tunashusha vitu uwanjani. Jenereta ya kilo 45 inabaki nyumbani, kwani sola ipo. Sanduku la vyuma na vipuri, kilo 65, mzee analitetea sana. Mama ndiye anayemaliza mjadala: "Baba, hivyo vyuma umevibeba miaka mingapi hujavigusa?" Tangi la lita 80 litakwenda na robo tu, kwa sababu lita moja ni kilo moja na maji watayapata Iringa. Betri mbili nazihamisha kutoka mkiani hadi ukuta wa mbele wa kempa. Tunarudi mzanini: jumla 2,810, mbele 1,185, nyuma 1,625. Sasa tunaweza kuzungumza springi.

Saa 6. Kempa imeshushwa juu ya miguu yake, gari liko kwenye stendi (jeki peke yake siiamini). Natoa pakiti za zamani za bamba za springi na kuweka mpya zilizotengenezwa kubeba mzigo wa kudumu. Kuna wanaochomeka bamba la lori la Fuso katikati. Upana hautoshani, unene hautoshani, bamba moja linabeba kazi ya wenzake hadi linakatika. Na bamba lililokatika halichomelewi, moto unaua ugumu wa chuma chake.

Yubolti, zile boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye difu, ni mpya zote nne. Zikishakazwa kisha zikafunguliwa huwa zimevutika, hazishiki tena kama mwanzo. Za zamani nazikata kwa grenda hapohapo, zisije zikaonekana kwenye gari la mtu mwingine.

Saa 8. Ugali wa uwele na mlenda.

Saa 9. Kempa inarudi juu. Boliti za bushi, zile raba za kwenye ncha za springi, nazikaza sasa, gari likiwa chini na mzigo wake. Ukizikaza gari likiwa hewani, bushi inabaki imejisokota na haimalizi mwaka. Tairi za nyuma zina namba 112, yaani kilo 1,120 kila moja kwa upepo kamili, hizo zinatosha.

Kisha naingia chini na tochi kutafuta kitu ambacho wengi hukisahau. Kwenye gari hili kuna valvu ya breki za nyuma yenye fimbo iliyofungwa kwenye difu. Nyuma likishuka, valvu inajua kuna mzigo na kuongeza nguvu ya breki. Sasa nimelinyanyua gari, kwa hiyo valvu itadhani halina kitu na kupunguza breki za nyuma, wakati gari limebeba nyumba. Nafikiria miteremko ya Nyang'oro, kati ya Mtera na Iringa. Nalisogeza shikio la fimbo kulingana na kimo kipya, napima, nasogeza tena.

Saa 11. Tunalijaribu barabara ya Singida, mzee akiendesha. Anafunga breki mara tatu kwa maelekezo yangu. Linasimama sawasawa, halivuti upande. "Usukani umerudi," anasema, na hasemi zaidi. Kimo cha nyuma sasa ni sentimita 50.

Saa 1 usiku. Giza limeingia, nalisimamisha gari mbele ya ukuta na kushusha taa hadi ziache kumulika macho ya watu. Namwandikia mzee kwenye karatasi: ukifika kilomita 500, tafuta fundi popote akaze yubolti tena. Mama anaichukua karatasi na kuibandika juu ya jiko la gesi.