Nipeni Bahari

Shangazi yangu alipokuja Mombasa kutoka Muscat mwaka 2014, hakutaka kusikia habari ya kupelekwa Fort Jesus. "Ngome naijua tangu mtoto. Nipeni bahari." Basi jioni moja tukapanda jahazi la watalii upande wa Nyali, likakata mkondo kuelekea Mji wa Kale, tanga likiwa la kupigia picha tu, kwani kazi yote ilifanywa na injini.

Kijana aliyetutembeza alikuwa hodari, ila alipenda vita. Tulipofika chini ya ngome akashika kipaza sauti: Wareno walianza kuijenga 1593, Waomani wakaizingira 1696 na kuitwaa Desemba 1698, na merikebu Santo António de Tanná, iliyokuja kuwaokoa waliozingirwa, ikazama papo hapo 1697. Watalii wakachungulia maji kana kwamba milingoti itaonekana.

Shangazi alisikiliza kwa adabu, macho yake yakiwa kwenye Bandari ya Kale. Jahazi la mizigo lilikuwa limefungwa gatini, makuli wanapanda ubao mwembamba, kila mmoja na gunia begani, ubao unapinda na kurudi. Akanishika mkono.

"Hapo ndipo alipokuwa akishukia babu yako. Wakija na upepo wa kaskazi. Tende, chumvi, mazulia, papa mkavu. Harufu ilikuwa ikifika mpaka chumbani kwetu. Kusi likianza, wanapakia boriti za mikoko, wanarudi. Anayechelewa pepo hungoja mwaka mzima. Wengine wakaoa."

"Kwa hiyo babu alichelewa pepo?"

"Hakuchelewa. Alimwona bibi yako."

Nilikuwa nimepita Fort Jesus na shule, nikakariri hiyo miaka ya Wareno nikafaulu mtihani, na hakuna mwalimu aliyenieleza kwamba upepo ndio ulionizaa.

Kijana alipouliza kama kuna swali, Shangazi akainua mkono. "Mwanangu, umesema vizuri. Lakini mbona hukutaja tende?"

Watu wakacheka. Kijana hakucheka, alizima kipaza sauti, akaja kukaa sakafuni karibu na miguu ya Shangazi, akaanza kumuuliza: majahazi mangapi kwa msimu? Walilala wapi? Nani alinunua? Mnara mweupe wa Msikiti wa Mandhry ukapita bila maelezo yoyote, na watalii wa nyuma wakabaki kuulizana wenyewe ule ni mnara gani.